Maisha ya Gaspard Monge, Mwalimu wa Michoro ya Ufundi

Wengi wetu tumemwona fundi akiikunjua karatasi ya mchoro, akaitazama, akasoma vipimo, kisha akakata chuma au mbao bila kuuliza neno. Karatasi ni bapa, lakini kitu kinachotengenezwa kina urefu, upana na kimo. Je, ni nani aliyewafundisha watu kukiweka kitu cha namna hiyo juu ya karatasi bila kupoteza kipimo hata kimoja? Mafundi wa mawe na maseremala wa zamani walikuwa na mbinu zao, kila mmoja kwa kazi yake. Aliyezifanya kuwa elimu moja yenye kanuni ni Mfaransa mmoja, jina lake Gaspard Monge. Siku hizi kompyuta huichora michoro hiyo kwa muda mfupi sana, lakini kanuni inayoifuata ni ile ile ya Monge. Kwa hiyo yafaa tuyajue maisha yake.

Monge alizaliwa mwezi wa Mei, 1746, katika mji mdogo wa Beaune, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo, si mtu wa ukoo wenye cheo. Lakini aliipenda elimu, akawapeleka watoto wake shule ya mapadre wa Oratori iliyokuwa mjini mwao. Gaspard alifaulu vizuri mno hata mwaka 1762 akapelekwa kusoma katika mji wa Lyon. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 17 tu, alikabidhiwa darasa la fizikia alifundishe. Sisi tulio Kidato cha Nne tuna umri huo huo, na wengi wetu bado twaogopa kusimama mbele ya darasa kueleza jibu la hesabu moja!

Mwaka 1764 alirudi kwao. Akiwa huko alichora ramani kubwa ya mji wa Beaune, na vyombo vingi vya kupimia alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Afisa mmoja wa jeshi la wahandisi aliiona ramani ile, akastaajabu, akampendekeza kijana huyo kwa chuo cha wahandisi wa jeshi kilichokuwa Mézières. Monge alifurahi, lakini alipofika aliikuta habari nyingine. Chuo kile kilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya juu, iliyofundisha maafisa, ilikuwa ya watoto wa makabaila. Mtoto wa mchuuzi hakuruhusiwa kuingia, hata awe hodari namna gani. Basi Monge akawekwa katika sehemu ya chini, akachora na kutengeneza mifano ya ngome kwa chokaa. Aliumia moyoni, kwani alijua kwamba walichokitaka kwake ni mikono, wala si akili.

Haukupita muda mrefu akapewa kazi ya kutafuta vimo vya kuta za ngome fulani. Kuta zilipaswa kuwa na kimo cha kutosha, ili adui akisimama juu ya vilima vya jirani asiweze kuwaona wala kuwapiga walio ndani. Wakati huo kazi hiyo ilifanywa kwa hesabu ndefu mno, namba juu ya namba. Monge aliacha njia hiyo, akatafuta jibu kwa kuchora, akamaliza upesi sana. Mkubwa wa kazi alikataa hata kuutazama mchoro. Alidhani haiwezekani mtu amalize mapema vile, na kwamba kijana yule hakuzifanya hesabu. Monge akashikilia, akaomba kazi yake ichunguzwe. Ilipochunguzwa ikaonekana ni sawa. Tangu hapo akaanza kupandishwa, na mwaka 1769 akawa mwalimu wa hesabu katika chuo kile kile kilichomkataa kwa sababu ya ukoo wake.

Sasa tuitazame njia yake. Chukua daftari, ulifungue nusu, ukurasa mmoja ulale juu ya meza na mwingine usimame wima. Weka kiberiti katikati. Kutoka kila pembe ya kiberiti, fikiri kwamba unashusha uzi ulionyooka kabisa mpaka kwenye ukurasa uliolala; hapo utapata sura ya kiberiti kikitazamwa kutoka juu. Kisha fikiri nyuzi nyingine zinazokwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukurasa uliosimama; hapo utapata sura ya mbele. Sasa kiondoe kiberiti, uulaze ule ukurasa uliosimama. Kurasa zote mbili zimekuwa bapa, na sura mbili zimekaa pamoja juu ya karatasi moja. Sura ya juu yatoa urefu na upana. Sura ya mbele yatoa urefu na kimo. Mwenye kuzisoma zote mbili aweza kukijua kiberiti chote asipate kukiona.

Lakini uhodari wa Monge waonekana zaidi pale kitu kinapolala mshazari. Tuseme mlingoti wa bendera una kimo cha mita 12, na waya umefungwa kileleni ukashuka mpaka kwenye kigingi. Kigingi hicho kiko mita 3 upande wa mashariki na mita 4 upande wa kaskazini wa shina la mlingoti. Ukiuchora waya huo ukiutazama kutoka juu, utaonekana una mita 5. Ukiuchora ukiutazama kutoka kusini, utaonekana una mita 12.4 hivi. Ukiuchora ukiutazama kutoka mashariki, utaonekana una mita 12.6 hivi. Michoro yote mitatu ni sahihi, walakini anayekwenda dukani kununua waya kwa kipimo chochote kati ya hivyo atarudi na waya mfupi! Monge alifundisha kwamba waya huo uzungushwe, katika mchoro, kuuzunguka mlingoti, mpaka uwe sambamba na ukurasa uliosimama. Hapo sura ya mbele itatoa urefu wake wa kweli, yaani mita 13. Twaweza kujaribu sisi wenyewe kwa rula na bikari, sentimita 1 ikiwa badala ya mita 1.

Elimu hii ilikuwa na faida kubwa kwa vita, kwa hiyo wakubwa wa jeshi waliifanya siri. Kwa miaka mingi Monge hakuruhusiwa kuifundisha hadharani wala kuitoa kwa kitabu. Hata hivyo sifa zake zilienea kwa kazi nyingine. Mwaka 1780 alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Sayansi cha Paris, na mwaka 1783 akawa mtahini wa vijana wa jeshi la majini.

Mwaka 1789 mapinduzi makubwa yalitokea Ufaransa, na Monge aliyaunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 1792 alifanywa Waziri wa Jeshi la Majini, lakini kazi hiyo haikumfaa, akaiacha mwezi wa Aprili 1793. Wakati huo nchi yake ilikuwa ikipigana na majirani wengi, wala haikuwa na silaha za kutosha. Monge alipewa kazi ya kusimamia utengenezaji wa mizinga na baruti. Aliandika kitabu chenye michoro juu ya ufundi wa kutengeneza mizinga, kikatolewa mwaka 1794 kwa ajili ya viwanda. Hapo watu wakaona waziwazi kwamba mchoro mmoja ulio sahihi huweza kuwafundisha mafundi wengi walio mbalimbali.

Katika mwaka huo huo Monge alikuwa mmoja wa walioanzisha shule mpya ya wahandisi mjini Paris, ambayo mwaka 1795 iliitwa École polytechnique. Wanafunzi waliingia kwa mtihani, wala hawakuulizwa habari za ukoo. Naam, yule aliyefungiwa mlango sasa aliwafungulia wengine. Pia mwanzoni mwa 1795 aliifundisha elimu yake hadharani kwa mara ya kwanza, mbele ya watu waliokusanywa kutoka pande zote za Ufaransa wasomee ualimu. Mwaka 1799 masomo hayo yalitolewa kwa kitabu. Siri ya ngome ikawa mali ya kila mwenye kalamu na rula.

Haifai kusimulia mema peke yake. Monge alimpenda Napoleon kupita kiasi. Mwaka 1796 alikwenda Italia pamoja na wenzake kuchagua picha na sanamu za thamani ili zichukuliwe kwenda Ufaransa, na wenyeji wa huko walihuzunika sana. Mwaka 1798 alimfuata Napoleon mpaka Misri. Huko alikuwa rais wa chuo cha wataalamu kilichoanzishwa Kairo, na akaeleza sababu ya mazigazi, yale maji ya uongo yaliyowadanganya askari jangwani wakiwa na kiu. Baadaye alipewa heshima nyingi, na mwaka 1808 akafanywa kabaila. Ajabu ya dunia! Mtoto wa mchuuzi akapata cheo kile ambacho zamani kukikosa kulimzuia kuingia darasani.

Napoleon alipoanguka kabisa mwaka 1815, Monge alianguka pamoja naye. Serikali ya mfalme haikusahau kwamba alikuwa waziri wakati Mfalme Louis wa 16 alipouawa, Januari 1793. Mwaka 1816 akaondolewa katika chuo cha wataalamu wa Ufaransa. Uzee na huzuni vikamzidi, na tarehe 28 Julai 1818 akafariki Paris, mwenye umri wa miaka 72. Wanafunzi wa ile shule aliyoianzisha waliomba ruhusa ya kwenda kumzika, wakanyimwa. Walitii. Lakini baadaye walikwenda wote kaburini, wakaweka shada la maua. Nadhani hakuna mwalimu aliyepata heshima kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1989 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa upya katika Panthéon, mahali wanapolazwa watu wakuu wa Ufaransa.

Labda mwenzangu atauliza: ikiwa kompyuta huchora yenyewe, tuna haja gani ya kujua habari hizi? Ni kweli kwamba siku hizi mhandisi hukijenga kitu chote ndani ya kompyuta, pamoja na unene wake na matundu yake, akakigeuza upande wowote. Kisha huiamuru programu itoe michoro bapa kwa ajili ya karakana: sura ya mbele, ya juu na ya ubavuni, na kingo zilizofichika kwa mistari ya vipandevipande. Lakini ni mtu anayechagua upande upi uwe wa mbele. Ni mtu anayejua kwamba uso ulioinama lazima utazamwe moja kwa moja, la sivyo tundu la duara litaonekana kama yai na vipimo vitapungua. Tena, katika desturi ya Ulaya sura ya juu huwekwa chini ya sura ya mbele, na katika desturi ya Marekani huwekwa juu yake. Asiyejua desturi iliyotumika aweza kutoboa chuma upande usiofaa. Kompyuta haikosei kushusha zile nyuzi za Monge, lakini huenda isimwambie fundi kwamba ameutazama waya wa mlingoti kutoka upande usiotoa urefu wake wa kweli.

Wenzangu, tunapochoka kwa kufuta na kuchora tena, tumkumbuke kijana wa Mézières. Walimpa kazi ya mikono, yeye akatia na akili. Walikataa kuutazama mchoro wake, naye hakugombana nao wala hakukata tamaa. Aliomba upimwe tu. Mchoro ulio sahihi hauhitaji ukoo wa kuutetea. Na alipopata nafasi, hakuifungia elimu yake sandukuni, bali aliwagawia watu wote, ndiyo maana imetufikia hata sisi.