Nikolai Vavilov, Mlinzi wa Mbegu za Dunia

Kila askari ajua ya kuwa jeshi lenye njaa haliwezi kushinda vita, na kila polisi ajua ya kuwa mji usio na chakula hauna amani. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba kabla ya chakula kuna mbegu, na kwamba mbegu nayo yahitaji mlinzi. Leo twawaletea wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeifanya kazi hiyo ya ulinzi kuwa kazi ya maisha yake yote. Mtu huyo ni Nikolai Ivanovich Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi.

Vavilov alizaliwa mjini Moscow mwezi wa Novemba mwaka 1887. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo, naye alitoka katika ukoo wa wakulima. Urusi ya siku zile ilipigwa na njaa mara kwa mara, na ile ya miaka ya 1891 na 1892 iliwaua watu wengi mno. Baada ya kumaliza masomo yake katika chuo cha kilimo cha Moscow, Vavilov alikwenda Uingereza mwaka 1913 kujifunza kwa William Bateson, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya urithi wa viumbe. Jambo alilolichunguza zaidi ni hili: kwa nini ngano ya namna moja huugua, na ya namna nyingine, iliyopandwa kando yake katika udongo ule ule, husalimika.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Urusi waliokuwa Uajemi walipatwa na ugonjwa wa ajabu. Kila walipokula mkate wa huko walishikwa na kizunguzungu, wakapepesuka kama walevi, ingawa hawakuonja pombe. Vavilov alipelekwa huko achunguze. Aligundua kwamba ngano ya mkate ule ilikuwa imechanganyika na punje za gugu linalofanana nayo, na punje hizo zilikuwa na ukungu wenye sumu. Basi kazi yake ya kwanza iliyojulikana nje ya chuo ilikuwa kuwahudumia askari waliodhurika kwa chakula chao wenyewe. Kutoka hapo aliendelea mpaka milima ya Pamir, akikusanya mbegu njiani.

Mwaka 1921 njaa kubwa iliikumba tena Urusi, na mwaka huo huo Vavilov alihamia Petrograd, mji uliokuja kuitwa Leningrad, akawa mkuu wa idara ya uchunguzi wa mimea. Kusudi lake lilikuwa kubwa kuliko watu wengi walivyoweza kufikiri. Alitaka kukusanya mbegu za mazao yote ya dunia, ili mtaalamu akihitaji shayiri inayostahimili ukame, au ngano inayostahimili ugonjwa, aipate ghalani na kuizalisha na zile za kwao.

Kwa ajili ya kazi hiyo alisafiri katika mabara matano. Mwaka 1924 alipita Afghanistan katika njia za hatari. Mwaka 1927 alifika Uhabeshi, akakutana na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie, kisha akazunguka nyanda za juu pamoja na msafara wa nyumbu. Huko aliona mashamba madogo ya wakulima yaliyokuwa na aina nyingi za ngano na shayiri zikiota pamoja, jambo ambalo hakuliona katika mashamba makubwa ya Ulaya. Baadaye alikwenda China, Japani, Meksiko na nchi za Amerika ya Kusini, asili ya viazi ulaya.

Kutokana na safari hizo Vavilov aliieleza dunia jambo ambalo wataalamu wanalitumia hata leo. Alisema ya kuwa kila zao lina nyumba yake ya asili, na kwamba mahali ambapo aina za zao fulani ni nyingi kuliko kwingineko, hapo ndipo pa kutafutia asili yake. Wakulima wa mahali hapo, ambao huenda hawajui kusoma, ndio waliochagua na kutunza mbegu hizo kwa maelfu ya miaka. Kitabu chake juu ya habari hiyo kilitoka mwaka 1926, naye akapewa Tuzo ya Lenin. Kufikia mwaka 1940 ghala la Leningrad lilikuwa na aina za mbegu zipatazo 250,000, na halikuwa na mfano duniani.

Lakini serikali ya Stalin ilikuwa na haraka. Mashamba ya wakulima yalikuwa yamechukuliwa kwa nguvu na mavuno yalikuwa mabaya. Vavilov alisema wazi kwamba kuzalisha mbegu bora huchukua miaka mingi. Ndipo akatokea Trofim Lysenko, aliyeahidi kuzipata kwa miaka miwili au mitatu tu, na kudai kwamba mmea hubadilika tabia yake ya urithi kwa kutiwa baridi na kulelewa namna fulani. Watawala waliipenda ahadi hiyo. Vavilov alikataa kuukana ukweli alioujua, ingawa wenzake walikuwa wakikamatwa mmoja baada ya mwingine.

Tarehe 6 Agosti 1940, akiwa safarini kukusanya mimea huko Ukraine, yeye naye alikamatwa na polisi wa siri. Aliulizwa maswali usiku na mchana kwa miezi mingi. Mwezi wa Julai 1941 alihukumiwa kifo kwa mashtaka ya upelelezi na ya kuhujumu kilimo, mashtaka yaliyokuwa ya uongo. Baadaye adhabu hiyo iligeuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alifungwa katika mji wa Saratov, mji ule ule alikokuwa profesa katika ujana wake. Mkewe na mwanawe mdogo walikuwa wamehamia Saratov kwa sababu ya vita, wala hawakujua ya kuwa yumo gerezani humo. Tarehe 26 Januari 1943, mtu aliyetaka kuondoa njaa duniani alikufa gerezani kwa kukosa chakula.

Wakati huo, Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Mazingira hayo yalianza Septemba 1941, yakaisha Januari 1944. Katika majira mabaya kuliko yote, raia wengi walipewa gramu 125 tu za mkate kwa siku. Ndani ya ghala la Vavilov mlikuwa na magunia ya mchele, ngano, mahindi na maharagwe. Wafanyakazi wake walizilinda mbegu hizo dhidi ya panya, baridi na wezi, wala hawakuzila. Dmitri Ivanov, mtunza mbegu za mpunga, alikufa kwa njaa huku amezungukwa na maelfu ya pakiti za mchele. Alexander Shchukin, aliyesimamia karanga, alifia mezani pake. Wengine kadhaa waliwafuata. Hawakuwa na bunduki, lakini sisi hatuoni zamu iliyolindwa vizuri kuliko ile.

Mwaka 1955 serikali ya Kisovieti ilitangaza kwamba Vavilov hakuwa na hatia, na baadaye taasisi yake ikapewa jina lake. Lysenko naye aliporomoka katika miaka ya 1960, baada ya kukiletea kilimo cha nchi ile hasara kubwa. Serikali ilikuwa na uwezo wa kumnyamazisha mtaalamu, lakini ngano haikutii amri.

Faida ya kazi ya aina hii imefika mpaka kwetu. Mwaka 1998 kutu mpya ya ngano, yenye nguvu za kuua ngano nyingi za dunia, iligunduliwa Uganda, kisha ikaenea Kenya na Uhabeshi. Wataalamu walikwenda kutafuta kinga yake katika mbegu za zamani na katika nyasi za mwituni zenye undugu na ngano. Uhabeshi nayo ilianzisha ghala lake la mbegu mjini Addis Ababa mwaka 1976. Bali ghala la Iraki lililokuwa Abu Ghraib liliporwa katika vita vya mwaka 2003, na hapo twaona jinsi amana ya miaka mingi iwezavyo kupotea kwa siku chache, asipokuwapo wa kuilinda.

Kwa hiyo twawakumbusha ndugu zetu wa jeshi na polisi, ambao wengi wao ni watoto wa wakulima, ya kuwa kituo cha utafiti, shamba la majaribio na ghala la mbegu ni mali ya kulindwa sawa na daraja au ghala la silaha. Nao wakirudi nyumbani likizo, wasiwacheke wazee wanaotunza ulezi, mtama na kunde za zamani katika vibuyu. Wazee hao wanaendelea na kazi ile ile ambayo Vavilov na wenzake waliifia.