Matthias Klotz, fundi aliyeuokoa mji wake

Matthias Klotz alizaliwa mwaka 1653 huko Mittenwald, mji mdogo wa milimani kusini mwa Ujerumani. Akiwa kijana alivuka milima ya Alps hadi Padua, Italia, akafanya kazi kwa miaka sita katika karakana ya Pietro Railich, mtengenezaji wa ala zilizo jamaa ya udi.

Aliporudi nyumbani, mji ulikuwa mashakani. Soko la wafanyabiashara wa Italia, lililouneemesha tangu mwaka 1487, lilirejeshwa Bozen mwaka 1679. Klotz akaanza kuunda fidla kwa misonobari ya milima hiyo, na wanawe wakaurithi ufundi huo. Alifariki mwaka 1743.

Baadaye Mittenwald ilisifika pia kwa mabesi makubwa yanayopigwa kwa kusimama, mfano wa yale yasikikayo katika taarab ya Zanzibar.

Sifa ilizaa udanganyifu. Vibandiko vyenye jina la Klotz vilitiwa ndani ya ala nyingi ambazo ukoo wake haukuzigusa. Ndiyo sababu mjuzi wa besi la Kijerumani hutazama kwanza mbao, vanishi na mchongo wa kichwa, kibandiko baadaye. Ala zilizothibitishwa kuwa za mkono wa Matthias mwenyewe ni chache mno.