Alfred Nobel: Baruti kali na pamba

Mwamba wa dhahabu wa Bariadi haupasuki kwa sururu peke yake. Hapo ndipo inapoingia baruti kali, kazi ya Alfred Nobel, Msweden aliyezaliwa mwaka 1833. Enzi zake baruti nyeusi iliungua tu kwa kasi. Nitrogliserini ilikuwa na nguvu zaidi, lakini ikigongwa hulipuka: mwaka 1864 iliteketeza karakana ya familia mjini Stockholm na kumuua mdogo wake, Emil. Nobel akaifyonzesha kwenye udongo mwepesi, na mwaka 1867 akasajili dainamaiti, inayosubiri kiwashio. Kiwashio hicho, ingawa kidogo, ndicho chepesi zaidi kulipuka. Hakibebwi mfuko mmoja na baruti. Mwaka 1875 alichanganya nitrogliserini na pamba iliyotiwa asidi, zao lile lile la mkulima wa Simiyu, akapata baruti inayostahimili maji. Alifariki Italia mwaka 1896.