John Snow, mganga aliyechora ramani ya kolera

Mkaaji wa Goma, Uvira ao Kalemie hana haja ya kuelezwa kolera ni nini. Lakini mtu aliyeonyesha, kwa hesabu na kwa ramani, kwamba ule ugonjwa unaingia kwa kinywa pamoja na maji, wengi hawamjui. Anaitwa John Snow, mganga wa Uingereza. Alifariki mwaka 1858. Leo komine ao kampuni ya maji ikitaka kujua nani anakunywa maji ya wapi, inatumia kompyuta na GPS. Yeye aliifanya kazi hiyo kwa miguu na kwa kalamu.

Kutoka York mpaka London

Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini ya Uingereza, mtoto wa kwanza kati ya watoto 9. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mikono. Jamaa iliishi kando ya mto Ouse, katika mtaa wa maskini ambao maji ya mto yaliweza kuuingia.

Alipofikisha miaka 14, alipelekwa Newcastle kujifunza uganga kwa William Hardcastle. Kijana wa wakati ule alijifunza akitazama mkubwa wake. Kule ndiko alikutana na kolera. Ugonjwa ulikuwa umefika Uingereza mwaka 1831, na Snow, akiwa na miaka 18 tu, alitumwa Killingworth kutunza wachimbaji wa makaa ya mawe. Wale watu walishinda chini ya ardhi bila choo wala maji ya kunawa, na chakula walikula kule kule. Miaka mingi kisha, aliwataja katika maandishi yake kama mfano wa namna uchafu unavyotoka mkononi na kufika kinywani.

Mwaka 1836 alielekea London, sehemu kubwa ya safari kwa miguu, na mwaka 1844 alipata udaktari wa Chuo Kikuu cha London. Hakuoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, pombe aliiacha kwa miaka mingi, na maji ya kunywa aliyachemsha kwanza.

Sifa yake ya kwanza haikutoka kwa kolera. Alikuwa fundi wa dawa za kulaza mgonjwa usingizi. Mwaka 1853 alimpa malkia Victoria kloroformu wakati wa kumzaa Leopold, na tena mwaka 1857 wakati wa kumzaa Beatrice. Kazi ile ilimfundisha jinsi hewa inavyosambaa na kupungua nguvu. Ndiyo maana aliona vigumu kukubali maneno ya waganga wengi wa wakati ule, waliosema kolera inaletwa na hewa mbaya yenye kunuka. Kolera inaanzia tumboni, si kwenye mapafu. Basi, kwa hesabu yake, mtu anaimeza. Aliyatoa mawazo hayo katika kitabu kidogo mwaka 1849. Waliomwamini walikuwa wachache.

Pompi ya Broad Street

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854, kolera ililipuka Soho, karibu na fasi Snow aliishi. Katika siku tatu, watu 127 walikufa pembeni ya avenyu inayoitwa Broad Street. Wakaaji walianza kukimbia.

Snow alikwenda ofisi ya kuandikisha vifo na kuomba orodha. Katika orodha ile alifuata vifo 83. Kisha alizunguka nyumba kwa nyumba, akiuliza kila jamaa swali moja: marehemu alikunywa maji ya wapi? Karibu wote walikuwa wanaishi pembeni ya pompi ya Broad Street. Watu 10 tu walikuwa karibu zaidi na pompi ingine. Alipouliza vizuri, jamaa 5 kati ya hao walimwambia kwamba walizoea kutuma watu Broad Street, sababu maji yake yaliwapendeza zaidi. Watoto 3 walikuwa wanasoma karibu na ile pompi.

Aliwatazama pia wale ambao hawakufa. Nyumba ya maskini iliyokuwa karibu ilikuwa na watu 535, lakini walikufa 5 tu. Ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha bia cha avenyu ile ile, wafanyakazi walipewa bia ya kunywa, na hakuna aliyekufa kwa kolera. Na mbali sana, Hampstead, mjane mmoja alikufa kwa kolera, ijapokuwa mtaa wake haukuwa na ugonjwa. Zamani aliishi Soho, na kila siku aliletewa maji ya Broad Street juu ya utamu wake. Mtoto wa ndugu yake, aliyemtembelea na kuyanywa, akarudi kwake Islington, naye alikufa.

Jioni ya tarehe 7 Septemba, Snow alisimama mbele ya wakubwa wa parokia na kuwaeleza. Hawakuwa na hakika, lakini kesho yake waliondoa mkono wa pompi. Wengi wanasimulia kwamba kolera ilikwisha siku ile. Ukweli ni kwamba ilikuwa imekwisha kuanza kushuka, kwa kuwa wengi walikuwa wamekufa ao wamekimbia. Kwa jumla walikufa watu 616.

Ile ramani yenye sifa aliichora kisha. Kwa kila kifo aliweka alama nyeusi mbele ya nyumba, na pompi zote akazionyesha. Katika ramani ya pili aliongeza mstari: fasi ambapo mtu anatumia mwendo sawa kufika pompi ya Broad Street ao pompi ingine. Aliupima kwa kufuata njia ambazo watu wanapita kweli. Ndani ya ule mstari alama zilijaa. Nje yake zilikuwa chache.

Kampuni mbili katika avenyu moja

Mwaka ule ule alifanya kazi kubwa zaidi. Kusini ya London, kampuni mbili za maji zilikuwa zimepitisha tiyo zao katika avenyu zile zile. Southwark and Vauxhall ilichota katika mto Thames pale Battersea, ambapo uchafu wa mji ulimwagika. Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pa kuchota mwaka 1852, ikapanda juu mpaka Thames Ditton, mbele ya mto kuingia mji. Majirani wawili walipumua hewa moja lakini robine zao zilitofautiana. Wote pamoja walikuwa zaidi ya watu 300,000.

Kazi ilikuwa kujua nyumba gani ni ya kampuni gani. Wapangaji wengi hawakujua, sababu mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Snow aligundua kwamba maji ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi nyingi zaidi. Basi alichukua maji kidogo na kuyapima. Hesabu ya mwisho ilitisha: kwa kila nyumba 10,000, vifo vilikuwa 315 kwa Southwark and Vauxhall, na 37 kwa Lambeth.

Hakukubaliwa akiwa hai

Pamoja na hayo, kamati ya serikali ya afya ilikataa maelezo yake na kuendelea kusema habari ya hewa. Kisha kolera kupita, mkono wa pompi ulirudishwa. Henry Whitehead, padri wa mtaa ambaye kwanza hakumwamini, alifanya uchunguzi wake mwenyewe. Alikuta kwamba katika nyumba namba 40 ya Broad Street mtoto mchanga alikuwa amehara mbele ya mlipuko, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la choo. Lile shimo lilivuja, na kutoka hapo mpaka kisima haikufika metre moja.

Snow alifariki tarehe 16 Juni 1858, akiwa na miaka 45, kisha kupooza akiandika kitabu juu ya kloroformu. Mwaka 1866 kolera ilirudi mashariki ya London. William Farr, mkubwa wa takwimu ambaye zamani aliamini hewa, alifuata vifo mpaka kwa kampuni moja ya maji. Pale ndipo wengi walikubali.

Orodha mbili

Njia ya Snow inafika mpaka maziwa ya mashariki ya Kongo. Mwezi wa Julai 1994, kolera iliua maelfu ya wakimbizi Goma, mji ambao jiwe la volkano linafanya kuchimba choo kuwa kazi ngumu. Uvira, watafiti waliweka pembeni pembeni takwimu za maji ya robine na za wagonjwa, kutoka mwaka 2009 mpaka 2014. Waliona kwamba siku maji yakikosekana kabisa, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera wanaongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zinazofuata. Ni hesabu ya Snow tena: orodha ya wagonjwa na orodha ya maji.

Sheria ya maji ya mwaka 2015 imewapa wakubwa wa majimbo na wa chini yao sehemu katika kazi ya maji, pamoja na Regideso. Wataalamu wa ramani wanaweza kuandika kila robine, kila tiyo na kila kisima katika kompyuta. Lakini Snow alipata pompi yake kwa sababu orodha ya vifo ilionyesha avenyu na nyumba. Kama daftari la kituo cha afya limeandika jina la kartie peke yake, hakuna kompyuta itakayojua mgonjwa alichota bidoni yake wapi.