Daktari Aliyesoma Sentensi Mojamoja

Safari hii nimemchagua mmisionari, na najua baadhi yenu mtakunja uso. Nivumilieni.

Wenzetu wanaosomea uuguzi hulalamika kwamba zamu za wodini zinawamalizia muda wa kusoma. David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre, Scotland, mwaka 1813, aliingia kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10. Kazi ilianza saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kisha shule ya usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Vitabu alivisimamisha juu ya mashine ya kusokota nyuzi, na kila akipita hapo alidaka sentensi moja, akaitafuna huku mikono ikifanya kazi. Mwaka 1836 akaanza kusomea tiba Glasgow, akafuzu 1840, baada ya kubishana na watahini wake juu ya stetoskopu!

Mimi hufanya hivyo kwa istilahi za hadithi: karatasi mfukoni, istilahi moja kwa kila foleni ya chakula. Kwa majina ya dawa na vipimo vyake nadhani itafaa zaidi.

Lakini sentensi mojamoja hazikupi mgonjwa mzima. Kwa hilo alikuwa na daftari. Novemba 8, 1867 alifika Ziwa Mweru, akashuka kwa ufuo wa mashariki, upande wa Nchelenge ya leo, hadi kwa Mwata Kazembe. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu Januari. Daftari lilibaki, akaandika mvua, mwendo na homa zake.

Januari 1869, njiani kwenda Ujiji, kichomi kikamwangusha. Aliyemuuguza ni Mwislamu, mfanyabiashara Mohamad Bogharib. Alibebwa juu ya kitanda, akapatiwa mtu wa kumuumika kifuani. Hijama hiyo, ndugu zangu. Livingstone aliichukia biashara ya watumwa ya misafara ile, nami naichukia, na bado mikononi mwao alipona.

Tunayajua haya kwa sababu mgonjwa mwenyewe, akiwa hoi, aliyaandika: kikohozi usiku na mchana, makohozi yenye rangi ya kutu na damu, udhaifu. Mwanafunzi wa uuguzi pale Kashikishi akiisoma kurasa hiyo atautaja ugonjwa kabla hajaambiwa jina lake.