Sir Joseph Paxton, Mtunza Bustani Aliyejenga Jumba la Vioo

Siku hizi katika miji mikubwa ya dunia twaona majumba yenye kuta za vioo vitupu, ambayo vipande vyake hutengenezwa kiwandani, kisha huletwa na kuunganishwa mahali pa ujenzi. Wengi hudhani kwamba ujenzi huo ni jambo la jana tu. Nataka kuwasimulia habari za mtu aliyeufanya mwaka 1851, naye hakusomea ujenzi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutunza bustani.

Joseph Paxton alizaliwa tarehe 3 Agosti, 1803, katika kijiji cha Milton Bryan, Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima mwenye watoto wengi, na Joseph alisoma shule kidogo tu. Mwaka 1823 alipata kazi katika bustani ya Chiswick, karibu na London. Mtukufu mmoja, Duke wa Devonshire, alipenda kutembea huko, akaona bidii ya kijana huyu. Mwaka 1826 alimfanya mkuu wa bustani zake za Chatsworth. Paxton alikuwa na umri wa miaka 22.

Siku ya kwanza alifika Chatsworth saa kumi na nusu alfajiri, milango ingali imefungwa. Basi akapanda ukuta, akazunguka bustani yote, na wafanyakazi walipokuja akawapangia kazi. Kisha alikwenda kula chakula cha asubuhi kwa msimamizi wa nyumba, na huko akamwona Sarah Bown, binti wa ndugu ya mama huyo, akampenda. Yote hayo yalikwisha kabla ya saa tatu. Mwaka uliofuata walioana, na bibi huyu alikuwa hodari sana wa kusimamia mambo yote mumewe anaposafiri.

Uingereza ni nchi ya baridi, na mimea ya nchi za joto haiwezi kuishi huko ila katika nyumba za vioo. Paxton alijenga nyumba nyingi za namna hiyo, na kila moja ilimfunza jambo. Mwaka 1849 alipata mche wa yungiyungi kubwa la mto Amazon. Aliutunza hata ukachanua maua, na majani yake yakawa mapana mno. Siku moja alimsimamisha binti yake mdogo, Annie, juu ya jani majini, nalo halikuzama. Chini ya jani hilo mna mishipa minene itokayo katikati, nayo imeunganishwa na mingine midogo. Paxton aliona kwamba kitu chembamba chaweza kubeba mzigo mkubwa kikiwa na mifupa iliyopangwa vema.

Mwaka 1850 Waingereza walikuwa wakitayarisha Maonyesho Makuu ya vitu vya mataifa yote katika bustani ya Hyde Park, London. Ramani 245 zililetwa, wala hata moja haikukubaliwa. Halmashauri ikachora yake ya matofali, na watu wakaipinga kwa hasira, maana ingeharibu bustani yao. Muda uliobaki haukutimia hata mwaka mmoja, na mataifa yalikwisha alikwa. Ilikuwa aibu kubwa inakuja.

Mwezi wa Juni, akiwa katika mkutano wa shirika la reli, Paxton alichora wazo lake juu ya karatasi ya kukaushia wino. Baada ya siku chache ramani kamili ilikuwa tayari. Jumba lote lingekuwa la chuma, mbao na vioo. Kipimo cha kioo kimoja, inchi 49 kwa 10, ndicho kilichoongoza vipimo vingine vyote, hata vipande vikawa vya namna moja na kuunganishwa upesi. Nguzo zilikuwa na uwazi ndani, nazo ziliteremsha maji ya mvua kutoka juu. Hata miti mikubwa ya bustani haikukatwa. Paa liliinuliwa kama tao juu yake.

Wataalamu wengine walisema upepo utaliangusha. Wengine waliogopa kwamba vishindo vya miguu ya watu vitavunja sakafu za juu. Basi sakafu ya majaribio ikatengenezwa, wafanyakazi wakaruka juu yake, na askari wakapita kwa mwendo wa pamoja. Haikutetereka.

Tarehe 1 Mei, 1851, Malkia Victoria alifungua maonyesho. Jumba lilikuwa na urefu wa futi 1,848 na vioo karibu 300,000. Watu walioingia walikuwa kama milioni sita. Paxton akapewa cheo cha Sir, na baadaye akawa Mbunge wa Coventry. Jumba lilifunguliwa vipande na kujengwa tena Sydenham, ambako Paxton alikufa tarehe 8 Juni, 1865. Moto uliliteketeza mwaka 1936.

Jumba limekwisha, lakini njia yake ya kujenga ingali inatumika duniani kote. Nami nimeyaandika haya hasa kwa ajili ya wale wadharauo kazi ya shamba la shule. Jani lile lilikuwa mbele ya macho ya watu wengi. Paxton aliligeuza akatazama chini yake.