Robert Bunsen: Msomi aliyepoteza jicho na kukataa kuuza uvumbuzi wake

YEYOTE aliyewahi kusomea kemia katika shule ya upili anakikumbuka kile kibomba cha chuma kinachosimama wima juu ya meza ya maabara, mpira wa gesi ukiwa umeunganishwa ubavuni pake. Mwalimu akishakiwasha, huizungusha pete iliyo chini, na mwali wa manjano wenye masizi hugeuka ukawa wa buluu, mkali na usio na moshi.

Kifaa hicho ni kichomeo cha Bunsen. Wanafunzi wengi huliandika jina hilo daftarini, hulijibia swali la mtihani, kisha hulisahau. Ni wachache wanaojua mwenye jina hilo alikuwa nani, na kwamba kichomeo hicho kilikuwa kazi ndogo tu miongoni mwa kazi alizowaachia walimwengu.

Robert Wilhelm Bunsen alizaliwa mwezi Machi 1811 katika mji wa Göttingen, Ujerumani, akiwa kitindamimba katika familia ya wavulana wanne. Babake alikuwa mhadhiri wa lugha na mkutubi katika chuo kikuu cha mji huo, na kwa hivyo kijana huyo alikulia miongoni mwa vitabu na wasomi. Alihitimu shahada ya uzamifu akiwa na umri wa takriban miaka 20 pekee.

Baada ya masomo hayo, alipata ufadhili wa serikali akafunga safari ya kuzuru Ujerumani, Ufaransa na Austria. Alitembelea viwanda, maabara na sehemu zenye miamba ya kuchunguzwa, akakutana na wanakemia waliovuma enzi hizo. Safari hiyo ilimfunza kwamba kemia haiishi vitabuni pekee. Imo katika tanuri la chuma, katika maji ya chemchemi na hata katika tumbo la mgonjwa aliyelishwa sumu.

Kazi yake ya kwanza kumpatia sifa ilihusu sumu. Wakati huo aseniki iliogopwa kote barani Ulaya kwa sababu haikuwa na ladha wala harufu ya kumtahadharisha mlaji, na ilipatikana kwa urahisi kama sumu ya panya.

Mnamo 1834, Bunsen na daktari Arnold Berthold walionyesha kwamba haidroksaidi ya chuma iliyotengenezwa papo hapo, ambayo ni mithili ya kutu mbichi, hunasa aseniki na kuigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka. Mgonjwa akinyweshwa mapema, sumu hushikwa tumboni kabla ya kupenya hadi kwenye damu. Kanuni iyo hiyo ya chuma kunasa aseniki ingali inatumika leo katika vichungi vya kusafisha maji ya visima vyenye sumu hiyo, mathalani nchini Bangladesh.

Ajabu ni kwamba aliyewatafutia wenzake dawa ya aseniki, nusura yeye mwenyewe auawe na aseniki. Alipohamia Kassel na baadaye Marburg kufundisha, alianza kuchunguza jamii ya kemikali ziitwazo kakodili, ambazo zina aseniki ndani yake. Kemikali hizo zinanuka vibaya, zina sumu kali, na baadhi yake huwaka zenyewe pindi zinapokutana na hewa.

Siku moja chombo chenye sianidi ya kakodili kililipuka mbele yake. Kigae cha kioo kilimpiga katika jicho la kulia, likapofuka. Moshi wa sumu nao ulimlaza kitandani akiwa mahututi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bunsen aliinama hadi akalipoteza jicho lake. Hata hivyo, alipopata nafuu alirudi maabarani akaikamilisha kazi hiyo. Ni baada ya kuimaliza tu ndipo alipoiacha mada hiyo moja kwa moja.

Kilichofuata kilikuwa na manufaa makubwa kwa viwanda. Wenye matanuri ya kuyeyusha chuma waliona miali na moshi ikitoka juu ya matanuri yao usiku na mchana, wakadhani hiyo ni hali ya kawaida. Bunsen aliichukua gesi hiyo, akaipima na kuigawa katika sehemu zake mbalimbali. Alibaini kuwa katika matanuri ya Ujerumani yaliyotumia makaa ya miti, zaidi ya nusu ya joto ilikuwa ikipotelea hewani.

Baadaye alialikwa Uingereza, ambako alishirikiana na mwanakemia Lyon Playfair kupima matanuri yaliyotumia makaa ya mawe. Huko hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana hasara ilizidi asilimia 80. Ripoti yao ya 1845 ilionyesha kwamba gesi hiyo iliyotupwa ingeweza kukusanywa na kutumiwa tena kama kuni za bure. Mwenye kiwanda aliyekuwa akichoma fedha zake bila kujua alionyeshwa hasara yake kwa tarakimu.

Bunsen aliendelea na desturi hiyo ya kupima kwanza na kusema baadaye. Mnamo 1841 alitengeneza betri iliyotumia kaboni badala ya platini, madini ya bei ghali. Umeme ukawa rahisi kupatikana, naye mwenyewe akautumia baadaye kutenga madini kama vile magnesiamu.

Mnamo 1846 alisafiri hadi kisiwa cha Iceland, mwaka mmoja baada ya volkeno ya Hekla kulipuka. Huko aliteremsha vipimajoto ndani ya shimo la chemchemi inayorusha maji moto angani, wakati maji yalikuwa karibu kufoka. Aligundua kwamba maji yaliyo chini kabisa huwa na joto kupita kiwango cha kawaida cha kuchemka, lakini uzito wa maji yaliyo juu huyazuia kuchemka. Yakipanda kidogo tu, mgandamizo hupungua na yote hugeuka mvuke kwa ghafla. Msomaji aliyezuru Ziwa Bogoria, katika Kaunti ya Baringo, akaona maji yakiruka kwa kishindo, ameshuhudia kazi ya nguvu zizo hizo.

Mnamo 1852 Bunsen alihamia Chuo Kikuu cha Heidelberg, akaahidiwa maabara mpya. Wakati huo mji huo ulikuwa unaanza kuletewa gesi ya kuwashia taa za barabarani, naye akataka gesi hiyo ifike kwenye meza za wanafunzi wake. Tatizo lilikuwa kwamba vichomeo vya siku hizo ama vilitoa masizi, ama mwali wake ulikuwa hafifu na wenye rangi yake wenyewe.

Wazo la Bunsen lilikuwa jepesi. Badala ya gesi kukutana na hewa pale inapowakia, alitaka vitu hivyo viwili vichanganyike kwanza ndani ya bomba. Gesi ikipita kwa kasi kwenye tundu jembamba, huvuta hewa kupitia matundu ya pembeni, na mchanganyiko huo ukifika juu huwaka wote bila kusaza chembe za kaboni. Chembe hizo ndizo hutoa rangi ya manjano na masizi.

Hapa haki inadai jina jingine litajwe. Aliyekichonga na kukiboresha kifaa hicho kati ya 1854 na 1855 alikuwa Peter Desaga, fundi wa vyombo katika chuo hicho. Aidha, Michael Faraday wa Uingereza alikuwa ametangulia kueleza kichomeo kinachokaribiana nacho. Lakini ulimwengu ulilishika jina la profesa, na jina la fundi likabaki kwenye kumbukumbu za wachache.

Bunsen hakukichukulia kichomeo hicho hataza, yaani ile haki ya kisheria ya kumzuia mwingine kutengeneza na kuuza. Wala hakuichukulia betri yake. Aliamini kwamba kazi ya msomi ni kutafuta ujuzi, na kwamba kuutafutia faida ni kazi ya watu wengine. Mnamo 1857 yeye na mwanafunzi wake, Henry Roscoe, walikichapisha kichomeo hicho hadharani, pamoja na maelezo yake, kwa yeyote aliyetaka kukiiga. Familia ya Desaga ilikitengeneza na kukiuza, na wengine wengi wakafuata.

Mwali usio na rangi ulikuwa na faida ambayo watu wengi hawakuitarajia. Kwa kuwa hauna rangi yake, unaonyesha rangi ya chochote kinachotiwa ndani yake. Chumvi ya sodiamu huutia manjano, ya potasiamu huutia zambarau hafifu, nayo ya strontiamu huutia wekundu. Tatizo ni kwamba chumvi zikichanganyika, jicho haliwezi kuzitenganisha.

Rafiki yake mwanafizikia, Gustav Kirchhoff, alishauri kwamba mwanga huo upitishwe kwenye prizimu, kioo cha pembe tatu kinachoutawanya mwanga. Mnamo 1859 wawili hao walitambua kwamba kila elementi hutoa mistari yake ya rangi isiyofanana na ya nyingine, kama vile alama za vidole zinavyowatofautisha wanadamu. Chombo walichokiunda, spektroskopu, kiliweza kutambua sodiamu yenye uzito usiofika sehemu moja kwa milioni tatu ya miligramu.

Kwa chombo hicho, Bunsen aliyachunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim akaona mistari ya buluu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Ili kupata ushahidi wa kushikika, alichemsha na kuchuja takriban lita 44,000 za maji hayo, akaambulia gramu zipatazo saba tu za chumvi ya elementi mpya. Hiyo ilikuwa 1860, na elementi hiyo akaiita siziamu, kwa jina la Kilatini lenye maana ya buluu ya anga. Mwaka uliofuata wakatangaza nyingine, rubidiamu, iliyopewa jina kutokana na mistari yake myekundu.

Njia hiyo ilifika hata kusikofikika. Kirchhoff aliitumia kueleza kwamba mistari myeusi iliyo katika mwanga wa jua inaonyesha elementi zilizoko huko, sodiamu ikiwa miongoni mwazo. Kwa mara ya kwanza, binadamu aliijua kemia ya jua bila kuondoka duniani.

Elementi hizo mbili nazo hazikubaki kuwa vitu vya kabatini. Tangu 1967, urefu wa sekunde moja hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu za siziamu. Saa za atomu za siziamu na rubidiamu zimebebwa na setilaiti za kuelekeza njia. Dereva jijini Nairobi anayefuata ramani kwenye simu yake hutumia matunda ya yale maji yaliyochemshwa na Bunsen.

Fauka ya hayo, Bunsen alikuwa mwalimu aliyevutia wanafunzi kutoka nchi nyingi. Lothar Meyer wa Ujerumani na Dmitri Mendeleev wa Urusi, waliotangulia kuzipanga elementi katika jedwali, wote wawili walipitia Heidelberg wakati wake. Mwingine alikuwa Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyehitimu huko mnamo 1882. Huyu ndiye aliyevumbua utambi wa wavu unaong'aa mweupe ukichomwa na mwali wa gesi. Kwa miaka mingi utambi wa aina hiyo uliangaza harusi na matanga ya vijijini kupitia taa ya karabai, na wavuvi wa Ziwa Victoria wakautumia kuwavutia dagaa usiku.

Bunsen hakuoa wala hakuacha mtoto. Alitunukiwa nishani ya Copley mnamo 1860, mojawapo ya tuzo za juu za sayansi nchini Uingereza, lakini aliendelea kuishi maisha ya kawaida. Alistaafu mnamo 1889, akaaga dunia jijini Heidelberg mnamo Agosti 16, 1899, akiwa na umri wa miaka 88.

Angalitaka utajiri, angaliuuza ule mwali wa buluu kwa kila maabara ulimwenguni. Badala yake aliuacha wazi kama kisima cha kijiji, achote apendaye. Ndiyo maana mtoto wa mkulima na mtoto wa tajiri huwasha moto ule ule maabarani, bila yeyote kati yao kudaiwa senti moja na jamaa za Bunsen. Wema hauozi.